Kabla mizani haijafika: wiki moja ya kutafuta bodi za magari ya zamani, Tanga

Bei ya chuma chakavu ikipanda, magari makuukuu ndiyo ya kwanza kuondoka vijijini. Vijana wanakuja na guta, mtungi wa gesi ya kukatia na mizani, na bodi iliyokaa chini ya mwembe tangu enzi za wazee inaondoka vipande vipande siku hiyohiyo. Mimi ni fundi bodi, gereji yangu iko Makorora. Nimeona vipande hivyo vikipita barabarani mara nyingi mno, kila mara nikitamani ningefika jana yake.

Safari hii tulikwenda watatu: mimi, mjomba wangu ambaye alikuwa mekanika kwenye mashamba ya mkonge, na kijana wetu wa gereji, hodari wa kupiga picha na kuandika. Tuliwekeana sharti kabla ya kuondoka. Hatununui wala hatung'oi chochote kabla ya kupiga picha pande zote, kupima, kusoma namba kama ipo, na kumsikiliza mwenye mali hadi amalize. Kwenye begi tulitia sumaku, tepu ya kupimia, tochi, brashi, msasa wa maji na daftari.

Jumatatu, Tanga mjini

Tulianzia kwenye yadi ya vyuma chakavu, kwa sababu ukitaka kujua kinachopotea, nenda kinakopotelea. Mwenye yadi alitukaribisha vizuri, akatuachia tuzunguke. Kulikuwa na milango ya pikapu za Datsun, madigadi yaliyokunjwa kama chapati, na kipande cha paa ambacho mjomba alisimama akikitazama kwa muda mrefu. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kimeinamia ndani badala ya kulala nje. Ford Anglia, ile iliyoanza kutoka Uingereza mwaka 1959. Ni magari machache sana ya Ford ya wakati ule yenye mgongo wa namna hiyo, na mjomba alilitambua hata kwa kipande kile. Ila ndicho kilichobaki. Sehemu nyingine ilishapakiwa kwenda kuyeyushwa.

Sikumlaumu mwenye yadi, anafanya biashara halali. Nilimwomba kitu kimoja tu: likija gari la zamani ambalo bado ni zima, anipigie simu kabla ya kuwasha gesi, nami nitalipa bei ya kilo na nyongeza juu yake. Alikubali palepale. Kwa maoni yangu, makubaliano ya namna hii na yadi tatu nne za mjini yanaokoa magari mengi kuliko kuzunguka vijijini mwaka mzima.

Alasiri tulikwenda Ngamiani kumwona mzee mmoja seremala, amestaafu, macho yake hayaoni vizuri lakini kumbukumbu yake ni safi. Tulimpa shikamoo, akatuitikia marahaba na kuagiza kahawa na kashata. Mjomba alipomwambia tunatafuta magari ya zamani, aliuliza, "Mnatafuta magari, au mnatafuta bodi?"

Kwake hivyo ni vitu viwili. Zamani lori likishushwa bandarini mara nyingi lilikuja kichwa kitupu: injini, boneti, usukani na chesisi ndefu nyuma isiyo na kitu. Bodi ya kubebea mizigo au abiria ilijengwa huku Afrika Mashariki. Masingasinga walikuwa na karakana kubwa, na maseremala Waswahili walifanya kazi humo na baadaye wakajitegemea. Fremu ilikuwa ya mvule, bati likapigiliwa nje, keria ya mizigo ikawekwa juu ya paa. Hapakuwa na mchoro. Fundi alipima chesisi, akapima mtu aliyeketi, akaanza kukata mbao.

"Injini ni ya Mzungu," mzee alisema. "Basi ni letu."

Nimekuwa kwenye kazi hii maisha yangu yote ya utu uzima na sikuwahi kuliona jambo hili hivyo. Nilitoka nyumbani nikiwaza Land Rover na Peugeot. Nilitoka kwa mzee nikiwaza mabasi. Naye alitupa pa kuanzia: Muheza, karibu na barabara kuu, kuna bodi ya basi imesimama juu ya mawe, mama mmoja anauzia machungwa ndani yake.

Jumanne, Pongwe na Muheza

Pongwe tulisimama kwa sababu ya kichwa cha lori la Bedford kilichotajwa na dereva wa bodaboda. Tulichokuta ni boneti na kioo cha mbele, vyote vimeegemezwa kwenye ukuta wa banda. Tukapiga picha, tukaendelea.

Muheza tulilipata basi bila kuuliza mara mbili. Unaliona kutoka barabarani: kibanda kirefu, chenye madirisha mengi mno kwa kibanda, na juu yake ngazi ya chuma inayopanda kwenye keria. Machungwa yalikuwa yamepangwa kwa mafungu kwenye ubao uliotokezwa dirishani. Nilisimama nje nikitazama ule mstari wa madirisha. Ulikuwa umenyooka tangu mbele hadi nyuma, baada ya miaka yote ile.

Bibi mwenye biashara alituruhusu tuingie. Kijana alishika tochi, mimi nikaanza chini, kwa sababu bodi ya mbao haidanganyi pale inapokutana na chesisi. Boriti mbili ndefu zinapita urefu wote wa basi. Juu yake kuna mbao za kukatiza, na kila nguzo ya dirisha imechongwa ncha, ikaingizwa kwenye tundu la boriti na kupigiliwa kijiti cha mbao. Skrubu ni za mfuo mmoja, zote za mfuo mmoja, hakuna hata moja ya nyota. Ndani ya nguzo moja, mahali ambapo rangi haikufika, alama za randa zinaonekana wazi. Hii haikutoka kiwandani. Mtu aliiranda kwa mikono yake.

Sumaku ilishika kila mahali upande wa kulia: bati la chuma. Upande wa kushoto, karibu na mlango, ilishika kidogo kisha ikaachia. Pana puti nene pale, ule ujazo wa kusawazishia bati, kuonyesha kwamba basi liliwahi kugongwa na kunyooshwa. Ngazi ya kupandia abiria haipo, wala mlango wenyewe.

Kijana ndiye aliyeiona sarafu. Ilikuwa imejibana kati ya mbao mbili za sakafu: senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, ya mwaka 1956. Alifurahi sana, akataka kuandika daftarini kwamba basi ni la 1956. Mjomba akamzuia. Sarafu haisemi basi lilijengwa lini. Inasema tu kwamba haikudondoka kabla ya 1956. Na kwa kuwa Benki Kuu ya Tanzania ilianza mwaka 1966 na kutoa fedha zake, zile za Afrika Mashariki ziliacha kutumika miaka michache baadaye. Kwa hiyo basi lilikuwa linabeba abiria wanaolipa nauli kabla ya miaka ya sabini. Hayo tunaweza kuyaandika bila wasiwasi. Zaidi ya hapo tunahitaji ushahidi mwingine.

Bibi alitueleza kwamba marehemu mumewe alilinunua bodi tupu miaka ya themanini. Mabasi mengi yalikufa miaka ile, na si kwa uzee. Fedha za kigeni zilikuwa hakuna, spea hazipatikani, tairi linatafutwa kwa kibali. Gari zima liliweza kulala kwa kukosa kifaa kidogo kabisa, na likishalala, wenzake wanaanza kulivua vifaa. Chesisi ya basi hili iliuzwa kando, bodi ikabaki.

Nilimwambia wazi tunachotaka. Alinisikiliza, kisha akasema, "Wanangu, nawaelewa. Lakini mkilichukua hili, machungwa yangu nitayaweka wapi?"

Ni swali la haki. Tuliagana kwamba tutarudi Ijumaa, wanawe wakiwepo.

Jumatano, Hale

Siku ya mkonge. Kutoka Muheza hadi Hale unapita katikati ya historia ya mkoa huu. Mmea uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Mashamba yote haya yalitokana na hiyo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha katani kiasi cha tani 230,000, hakuna nchi nyingine duniani iliyotufikia. Halafu nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka. Karakana zilifungwa na magari yakabaki pale yalipoegeshwa mara ya mwisho. Ndiyo sababu ukitafuta gari la miaka ya hamsini katika Tanga, unafuata mkonge.

Mjomba alifanya kazi maeneo haya, kwa hiyo tulipofika ofisi ya shamba alipokelewa kama mtu aliyerudi kwao. Tulipewa ruhusa ya maandishi na mlinzi wa kutusindikiza. Nasisitiza ruhusa ya maandishi. Gari lililotelekezwa si gari lisilo na mwenyewe, na mtu akikukuta unapapasa mali ya shamba na tochi, maelezo yako hayatakusaidia.

Nyuma ya karakana ya zamani, ndani ya majani marefu, lilikuwepo: Land Rover, pikapu, haina magurudumu, haina injini, haina boneti. Kibati cha namba kimeng'olewa kwenye ukuta wa ndani, matundu ya ribiti ndiyo yaliyobaki. Mlinzi alisema watu walishapita na kusema ni 109 ya kawaida, yaani ile yenye inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, haina thamani.

Hapa nieleze jinsi tulivyofanya, kwa sababu yeyote anaweza kuifanya.

Kwanza sumaku. Kwenye mbavu na madigadi haikushika popote. Hiyo ni kawaida ya Land Rover zote za zamani: zilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Chuma kimebaki kwenye chesisi na kwenye ukuta unaotenga injini na dereva. Ukuta huo ndio unaooza kwanza, hasa miguuni. Pale alumini inapogusana na chuma palipo na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka ribiti. Hapa Hale unga ulikuwa kidogo. Gari lililokaa Raskazone, karibu na chumvi ya bahari, lingekuwa limeshatoboka.

Pili umbo. Kuanzia 1958, Land Rover ya kizazi cha pili ilikuja na mbavu zilizotuna kidogo chini ya mstari wa madirisha. Hii ubavu wake ni bapa kabisa kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo ni ya kizazi cha kwanza, kilichotengenezwa kati ya 1948 na 1958.

Tatu, tepu. Kizazi cha kwanza kilikuwa na urefu tofauti, ukipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma: inchi 80, kisha 86 na 107 kuanzia 1954, kisha 88 na 109. Magurudumu hayakuwepo, kwa hiyo mjomba alipima kutoka kwenye alama za katikati ya springi. Alipima upande wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia tena. Sentimita 272. Ingekuwa 109, tungepata 277.

Sentimita tano si jambo dogo. Kiwanda kilipotaka kuweka injini ya dizeli, ambayo ni ndefu zaidi, kilisogeza gurudumu la mbele kwa inchi mbili. Sehemu ya nyuma ilibaki vilevile, pua ndiyo iliyorefuka. Kwa hiyo pikapu yenye 107 ni ya kabla ya mabadiliko hayo, kati ya 1954 na 1956. Waliopita wakasema ni 109 walitazama kwa macho tu.

Mjomba alipanda ndani, akakaa mahali pa dereva ambapo kiti hakipo tena, kwenye bati. Alikaa hapo muda mrefu. Akatuambia meneja wa Kigiriki wa shamba jirani alikuwa nayo kama hii, na kwamba asubuhi na mapema, kabla ya watu kwenda kukata mkonge, sauti yake ndiyo iliyowaamsha makambini. Kijana aliandika yote hayo ukurasa mmoja na vipimo.

Je, tuichukue? Nilifikiri sana. Shamba halikuwa tayari kuuza, na kwa kweli sikusikitika. Kampuni ilifikisha Land Rover ya milioni moja mwaka 1976. Hii ni adimu, lakini ina ndugu zake duniani, na wapo watu wa nje wanaozijua na kuzitafuta. Tulichoomba ni kwamba isikatwe, na isogezwe chini ya paa la karakana. Ofisi ilikubali. Tulikaa hadi jioni tukikata majani, tukatoa udongo uliojaa kwenye chesisi kwa kijiti na maji, tukazibua matundu ya kutolea maji, tukamimina oili chafu ndani ya chuma. Tukaiinua kwa jeki na kuiweka juu ya vipande vya mataruma ya reli ndogo ya shamba. Hatukuifunika kwa turubai. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani na gari huoza haraka kuliko likiachwa wazi.

Alhamisi, Korogwe hadi Mombo

Korogwe hatukupata kitu. Mombo tulipata Volkswagen ya mgongo wa kobe, nayo ni banda la kuku.

Kioo cha nyuma ni cha duara lililolala, kama yai. Hadi Machi 1953 kioo hicho kilikuwa vipande viwili, na baada ya katikati ya 1957 kikawa cha pembe nne na kikubwa. Hii ipo katikati. Namba ya chesisi hupigwa kwenye mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, lakini hapo kuku wamelala miaka mingi na kinyesi chenye unyevu kimekula bati. Bodi yenyewe, kuanzia madirisha kwenda juu, ni nzuri ajabu. Na kwa kuwa kwenye Volkswagen bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, siku moja inaweza kuinuliwa na kuwekwa sakafu nyingine.

Mwenye nyumba hakutaka kuuza. Sawa kabisa. Gari lenye kazi lina mlinzi, na kuku wake wamelilinda kuliko ambavyo mtu yeyote angelilinda. Tulimshauri aweke mbao ndani ili kinyesi kisigusane na chuma, na aliinue kidogo kutoka kwenye udongo. Tulimsaidia kuliinua. Akatupa mayai ya kuondokea.

Ijumaa, Muheza

Tulifika kabla ya swala, tukaswali msikiti wa hapohapo, kisha tukakaa na bibi na wanawe wawili.

Mtoto mkubwa alitaka bei ya chuma, na nilimwelewa. Nilimwonyesha kwa sumaku kwamba chuma chenyewe ni bati jembamba, uzito wote ni mbao. Kwenye mizani basi hili halina pesa. Kisha nilimwomba ruhusa ya kusugua sehemu ndogo ubavuni, mahali ambapo rangi ya juu ilikuwa inabanduka. Nilitumia msasa laini na maji mengi, polepole, kwa duara. Ni kazi ya subira: ukizidisha kidogo unapita rangi unayoitafuta na hairudi tena. Ilitoka bluu ya juu, ikatoka nyeupe, ikatoka kijani kilichokolea. Juu ya kijani, herufi za njano zilizochorwa kwa brashi ya mkono, zenye kivuli cheusi upande mmoja. Tulisoma MOMBO, kistari, kisha LUSH.

Lushoto. Basi hili lilipanda Usambara, ile barabara ya kilomita 33 ya kona kutoka Mombo, likiwa na watu, kabichi na plamu juu ya keria.

Bibi aliinuka kitini. Alisema marehemu hakumwambia kamwe lilitoka wapi. Alisogea akagusa zile herufi kwa vidole, akamgeukia mwanawe na kumwambia, "Usiseme tena habari ya kilo."

Makubaliano yaliandikwa mbele ya mtendaji: sisi tunamjengea kibanda kipya cha mbao na bati, mahali palepale, chenye meza ndefu ya machungwa kama ile aliyoizoea, kisha tunachukua basi. Jina la kampuni ya basi, lililotokea chini ya herufi za njia, sitaliandika hapa hadi tupate ridhaa ya familia iliyokuwa na mabasi hayo.

Jumamosi, Pangani

Mafundi wenzangu walibaki Muheza kujenga kibanda. Sisi watatu tukashika njia ya pwani, kwa sababu dereva mmoja mstaafu wa teksi alitutumia ujumbe kwamba ana Peugeot 404.

Ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka mahali unaposikia mawimbi. 404 unaijua kwa mikia yake miwili ya nyuma iliyochongoka, kazi ya wabunifu wa magari Pininfarina wa Italia, na ilianza kuuzwa 1960. Gari hili lilikuwa na sifa kubwa Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kati ya hayo yale ya 1966 na 1967 yalichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Mzee wetu alisikiliza yote redioni. Alinunua yake baadaye kwa akiba yake yote, na alipotusimulia alikuwa anashika sehemu ya hewani ambapo gia ya usukani ingekuwa.

Nilijua kabla sijainama. Land Rover ina chesisi yake, Volkswagen ina sakafu yake, lakini kwenye 404 bodi ndiyo chesisi. Uti wake ni zile kingo mbili chini ya milango. Nilibonyeza kwa kidole, kikazama. Upande wa pili vilevile. Chumvi ya bahari imekula kutoka ndani kwenda nje, na kilichokuwa kinaonekana ni rangi iliyosimama peke yake. Tungejaribu kuinua, ingevunjika katikati.

Nilimwambia mzee ukweli, kwa upole, lakini nilimwambia wote. Alinyamaza, kisha akauliza kama kuna chochote kinachoweza kubaki. Kipo. Tulifungua dashibodi nzima na usukani, taa za nyuma, boneti ambayo haikuoza, na kibati cha kiwanda chenye namba. Kila kitu kilifungwa na kuandikwa jina lake. Atavitunza yeye. Na kijana alimrekodi akisimulia, tangu siku aliyolinunua hadi siku alipoliegesha kwa kukosa pampu ya maji.

Niliumia. Miaka kumi nyuma, kwa oili chafu na paa la makuti, gari lile lingekuwa linasimama.

Jumapili, Muheza hadi Makorora

Kibanda kilikamilika asubuhi, bibi akahamishia machungwa, nasi tukaanza kazi.

Bodi ya mbao isiyo na chesisi hujipinda ukiinua kona moja. Kwa hiyo ndani tulipigilia mbao za msalaba, kutoka sakafuni hadi darini, kila baada ya madirisha mawili. Vioo tulivyokuta tulivitoa na kuviandika namba. Tuliinua kwa jeki nne kwa pamoja, mmoja akihesabu na wengine wakizungusha, kidole kwa kidole. Chini ya zile boriti mbili tukapitisha magogo ya mikaratusi, tukalisukuma juu yake hadi kwenye Fuso lililokuwa limerudi nyuma kwenye tuta la udongo. Nusu ya soko ilikuja kusukuma. Keria tuliifungua na kuisafirisha peke yake, ili urefu usiguse nyaya za umeme.

Tulikwenda polepole hadi Tanga. Pongwe watu walisimama kutazama. Pale Makorora mzee seremala wa Ngamiani alikuwa ameshaletwa kwa bajaji, amekaa kitini anatusubiri. Hakuona herufi, lakini alipitisha mkono kwenye nguzo za madirisha moja baada ya nyingine, akaingiza kidole kwenye kiungo, akasema kijiti hiki kimepigiliwa kwa mshazari na kwamba karakana moja tu mjini ilikuwa na mtindo huo. Akatutajia iliko. Kesho kijana anakwenda kutafuta wajukuu wa wenyewe.

Sasa basi liko chini ya paa la makuti, hewa inapita pande zote. Rangi ya kijani na herufi hatutazipaka upya. Tutaondoa bluu na nyeupe taratibu na kuacha kilichopo, hata pale palipochubuka. Tatizo ni ubavu wa kushoto: mlango, ngazi ya abiria na nguzo mbili hazipo, na sitaki kubuni. Yeyote mwenye picha ya familia, ya harusi, ya stendi ya Mombo au ya Lushoto ya miaka ya hamsini au sitini, yenye basi la mbao nyuma ya watu, aitazame vizuri. Tunahitaji kuona mlango ulifunguka kwenda upande gani na ngazi ilikuwa na hatua ngapi.